Vivuli Ishirini na Saba vya Kirindi

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, mwewe, ile mashine ndogo inayopaa na kupiga picha, alipita juu ya Kirindi, na kama kawaida hakuona kitu. Nilimsikia tu. Alivuma juu ya ukungu kutoka upande wa msitu, akageukia kanisani, akarudi mara ya pili, kisha akashuka zake bondeni. Nilijifunga kitenge cha pili juu ya sweta, nikasogeza sufuria ya makande pembeni mwa jiko yasije yakashika chini, nikaketi mezani kungoja alichobeba.

Picha ilifika baada ya muda wa kumenya viazi viwili. Nyeupe yote. Kona ya chini palikuwa na doa la kijani, ambalo ni mashamba ya Mvungwe, kitongoji kilicho chini yetu. Juu kabisa zilichomoza ncha za miti mitatu ya mgrivea. Katikati, pale ambapo pangetakiwa kuwa na nyumba kumi na tisa, kanisa, njia ya mbuzi na ndiva yetu, yaani bwawa linalokusanya maji ya mfereji usiku na kuyagawa mchana, palikuwa kama mtu amemwaga maziwa.

Kazi yangu ilikuwa kuyafuta hayo maziwa. Wenyewe waliniita mfuta ukungu, na huo ulikuwa mwaka wangu wa kumi na moja.

Zamani kidogo mashine zilifuta zenyewe. Shida ni kwamba mashine haipendi kusema sijui. Ilipokuta ukungu ilichora: ng'ombe juu ya mwamba, shule mahali penye korongo, na watu ambao mama zao hawakuwahi kuzaliwa, nao wakapewa maji mwaka mzima. Ndipo Mamlaka ya Mgao ikatoa sheria kwamba picha ya kila kitongoji isafishwe kwa mkono wa mtu, kwa kupanga tabaka za picha za kweli tu, bila kuchora hata unywele. Wakatafuta watu wenye subira. Mtu mmoja akawaambia, yupo mama Kirindi, huchambua mchele wa harusi nzima peke yake na hakuna mgeni anayevunja jino. Wakaniletea meza ya kioo, kalamu isiyo na wino, na betri ya jua.

Nitaeleza jinsi inavyofanyika, maana kosa langu limo humo humo. Unachukua picha ya leo, unaweka juu yake ya jana, juu yake ya juzi, kama chapati kwenye sahani. Kisha unaiambia meza tabaka zichanganyike vipi, na njia ni nyingi. Ukichagua Zidisha, giza linaongezwa kwa giza na kitongoji kinageuka masizi. Ukichagua Skrini, mwanga unaongezwa kwa mwanga na kila kitu kinakuwa kama kimenyunyiziwa unga. Sisi wafuta ukungu tunatumia Chukua Giza. Meza inatazama nukta moja moja na kujiuliza, kati ya hizi tabaka zote, ipi hapa ni nyeusi zaidi? Inaibakiza hiyo na kuzitupa nyingine. Ukungu ni mweupe, kwa hiyo unashindwa kila mara. Siku moja uliachia paa, siku nyingine uliachia njia, ukiunganisha siku ishirini unapata kitongoji kizima.

Lakini mwaka ule ukungu wa kiangazi ulikuja mwezi Juni ukakaa. Mwishoni mwa mwezi huo huo Mzee Elieskia, jirani yangu wa mwisho, alishuka na mkewe, mkwewe na mjukuu, wakaezua na mabati yao. Tulikuwa watano tukabaki mmoja. Na sheria inajulikana: kitongoji chenye watu chini ya watano kinafungwa, mlango wake wa maji unafungwa, na aliyebaki anatafutiwa chumba katika maghorofa ya bondeni.

Ijumaa ya kwanza ya Julai sikuwa na hata tabaka moja linaloonyesha ndiva. Nikafungua sanduku la picha za zamani. Nilijiambia ardhi haibadiliki, jiwe ni jiwe. Nikatafuta siku yenye hewa safi kuliko zote, nikaipata, ya miaka minne nyuma, tarehe kumi na nane Agosti. Meza ikauliza kwa nini natumia picha ya zamani, nikaandika "ukungu", ikaridhika. Nikachagua Chukua Giza, nikatuma, nikaenda kumfunga mbuzi.

Sikujiuliza kwa nini siku ile ilikuwa safi hivyo. Mtu yeyote wa Kirindi angejua. Kwetu pembe ya msaragambo, kazi ya wote, haipigwi mpaka ukungu uondoke, kwa sababu hakuna anayetaka kuzoa tope la ndiva asipoona jembe la mwenzake linakoelekea. Siku safi kuliko zote ndiyo siku watu wote walipokuwa nje. Na mtu ukimtazama kutoka juu ni kitu kidogo, lakini kivuli chake cha asubuhi ni kirefu na cheusi, na nilikuwa nimeiambia meza ichukue giza.

Jumatatu jibu la Mgawaji lilikuja, na Mvungwe nao walilipata. Mgawaji ndiyo mashine inayosoma picha na kuzungusha milango ya maji. Liliandikwa: *Kirindi, watu ishirini na saba.*

Nikaikuza picha. Kuzunguka ndiva palikuwa na vivuli ishirini na sita, na cha ishirini na saba kilikuwa changu, mlangoni kwangu. Kile kilichosimama juu ya jiwe bapa kwenye mdomo wa ndiva, jembe begani, kilikuwa cha Baba Nietiwe. Mume wangu, Mbonea. Miezi mitano baada ya asubuhi ile tulimzika.

Ningeweza kuandika siku ile ile kwamba nimekosea. Sikuandika. Ijumaa ya pili nikalirudisha tabaka lile lile, na ya tatu, na kila Ijumaa iliyofuata. Kosa lilikuwa la mara moja tu. Zilizofuata hazikuwa makosa.

* * *

Jumanne hiyo niliyoanza nayo, katikati ya Agosti, kabla makande hayajaiva, mtu alibisha.

"Hodi wenyewe! Hodi watu ishirini na saba!"

Nilijua sauti kabla ya kumwona. Alikuwa Nakundwa wa Mvungwe, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye mdomo usiochoka. Amepanda mlima mzima na ndoo mbili tupu zikigongana.

"Karibu, mwanangu. Karibu ndani, baridi."

"Shikamoo Bibi Naelijwa."

"Marahaba. Mbona na ndoo?"

"Nimekuja kuazima maji kwa matajiri." Akachungulia chumbani, akainama akatazama hata chini ya meza. "Wako wapi wenzako? Nimepita nyumba kumi na nane, kufuli, kufuli, buibui, kufuli. Kwa Mzee Elieskia hata bati hakuna. Umewaficha darini?"

Nikacheka, maana alichekesha, nikachota makande.

"Kaa ule kwanza," nikasema.

Alikula kama mtu aliyetoka msibani, bila kuinua uso. Alipofika nusu ya bakuli akapunguza, akaanza kueleza. Mlango wa maji wa Mvungwe ulikuwa unafunguka muda mfupi kuliko zamani. Watu thelathini na nane walikuwa wanagawana kilichobaki baada ya Kirindi kuchukua chake. Walioko karibu na kichwa cha mfereji walipata. Yeye shamba lake lilikuwa mkiani kabisa.

"Maharage yangu yameanza kuweka ua, Bibi. Ua bila maji linadondoka. Nimeyahesabu mashina jana, hivi, kwa kidole. Mama yangu anasema naanza kuchanganyikiwa."

"Na ndiva yetu?"

"Ndiva yenu imejaa pomoni! Inamwagika kwenye korongo, inanywesha vyura." Akaniangalia. "Wewe si ndiye mwenye ile meza? Waandikie mashine yao imelewa."

"Nitaangalia," nikasema.

"Angalia kabla ya Ijumaa, tafadhali. Ijumaa ndiyo picha inakwenda."

"Najua Ijumaa picha inakwenda."

Nilimjazia ndoo zote mbili kutoka kwenye pipa langu, nikamsindikiza mpaka kanisani. Akashuka ndani ya ukungu, ndoo moja kichwani, moja mkononi. Nilizisikia hatua zake muda mrefu baada ya kuacha kumwona. Nikarudi nyumbani nikaosha bakuli lake, nikaliacha mezani badala ya kulirudisha kabatini. Mabakuli mawili yalipendeza pale.

* * *

Jumatano ukungu ulitoboka.

Haukuondoka, ulitoboka tu, tundu la upana wa kitongoji, na mwewe akapita juu yake wakati huo huo. Picha ilipofika nilishtuka kuiona Kirindi ilivyo: mapaa yenye kutu, magugu kwenye njia, ndiva imejaa maji yasiyo na mwenyewe. Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio. Basi. Mtu mmoja na mbuzi.

Sasa sikuwa na kisingizio cha ukungu.

Kuna njia moja ya kuchanganya tabaka ambayo kwa kazi yetu haina faida, inaitwa Tofauti. Unaweka picha mbili, na kila kilicho sawa katika zote mbili kinageuka cheusi kabisa. Kinachobaki na mwanga ni kilichobadilika. Niliweka picha ya Jumatano juu ya ile ya miaka minne nyuma, nikabonyeza.

Kirindi ikazimika. Milima, mawe, kanisa, vyote vikaingia gizani, kwa sababu jiwe ni jiwe. Paa la Mzee Elieskia liling'aa mahali mabati yalipong'olewa. Migrivea iling'aa ukingoni, imekua. Na kuzunguka ndiva, watu wote ishirini na sita wakawaka kama makaa. Mzee Elieskia na kofia yake. Nampombe aliyekuwa mjamzito akazoa tope hivyo hivyo kwa ubishi. Kadiva mkorofi. Mapacha wa mchungaji. Baba Nietiwe juu ya jiwe lake, na jembe lake, na kivuli chake chote.

Nikajitafuta mlangoni. Giza. Nikakuza, nikakuza tena, mpaka nukta zikawa kubwa kama vigae. Giza tupu. Siku ile nilikuwa nimesimama kizingitini na ufagio nikiwatazama, na leo saa ile ile nilikuwa nimesimama pale pale na ufagio. Meza ilikuwa imenihesabu pamoja na mawe.

Nilikaa nikitazama mpaka chai ikaota ngozi juu.

Baadaye nikaanza kuchezea, namna mtu anavyochezea jino linalouma. Nilimtenga Baba Nietiwe kwenye tabaka lake mwenyewe nikamjaribu kwa kila njia. Kwa Zidisha alikuwa mkaa. Kwa Skrini alitoweka. Kwa Funika alichukua rangi ya udongo aliosimama juu yake, akawa mwekundu. Nikampitishia chujio la Noa, kingo zake zikakaza kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi; nikampitishia la Fifisha, akawa moshi. Nikapunguza uzito wa tabaka, tisini, sabini, hamsini. Mgawaji ana sehemu ya majaribio, unampa picha anakwambia angehesabu wangapi. Kwenye arobaini alikuwa bado mtu. Kwenye thelathini na nane alikuwa jiwe.

Hapo ndipo wazo liliponijia, na lilikuja kwa adabu, kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Sihitaji ishirini na saba. Nahitaji watano. Mimi na vivuli vinne. Mvungwe watapata maji karibu yote, na Kirindi itabaki wazi.

Nikashika kifutio. Nilianza na Kadiva, aliyekula mbuzi wetu mwaka ule akasema ni chui. Huyo alifutika upesi. Kisha waliokuwa wanakuja msaragambo kwa ajili ya kupiga soga. Kisha waliohamia mijini wakanenepa. Nilipofika kumi mkono ulianza kuwa mzito. Nampombe nilimfuta, nikamrudisha, nikamfuta. Mapacha huwezi kumfuta mmoja ukamwacha mwenzake. Mwisho nikabakiza Baba Nietiwe, Mzee Elieskia, Nampombe, na mama mmoja wa kwaya ambaye sauti yake bado naisikia nikipita kanisani.

Nikampa Mgawaji ajaribu. *Kirindi, watu watano.*

Simu ikalia wakati huo huo. Alikuwa Senzighe, msimamizi wetu, kijana mstaarabu mwenye haraka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nakupongeza tu. Picha zako ndizo safi kuliko za mlima mzima. Na Kirindi, naona watu wanarudi! Wakubwa wamefurahi sana. Vitongoji vinafungwa kila mwezi, walau kimoja kinakua."

"Wewe umewahi kupanda huku, Senzighe?"

"Mama, na hii miguu?" Akacheka. Kisha sauti ikashuka. "Picha ikishapendeza, Mama, usiiguse sana. Ikianguka chini ya watano inabidi nilete gari. Chumba chako kipo, ghorofa ya tisa, kina bomba ndani. Lakini najua huko ndiko kwenu."

"Ghorofa ya tisa mbuzi anapandaje?"

"Mbuzi hapandi, Mama."

Alipokata nilibaki na simu sikioni. Hakuuliza hao watu wametoka wapi. Sikuweza kumlaumu. Hata mimi sikuwa nimejiuliza Ijumaa ile ya kwanza.

* * *

Alhamisi Nakundwa alirudi. Safari hii hakupiga kelele njiani. Aliweka ndoo chini, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Bibi, nimezunguka kwenye nyumba zote tena. Hakuna hata moshi. Umeiangalia hiyo mashine?"

Nilikuwa na maneno tayari, niliyapanga alfajiri nikichochea moto. Yote yakanitoka. Nikamvuta mkono nikamkalisha mezani, nikamfungulia picha.

"Hawa hapa," nikasema. "Ishirini na sita. Na huyu wa mlangoni ni mimi."

Akainama, akasoma tarehe pembeni. Alikuwa mwepesi, sikuhitaji kueleza mara mbili. Nikamwonyesha tabaka la Julai, nikamwonyesha neno nililoandika, nikamwonyesha na wale watano niliowatayarisha kwa kesho.

"Huyu ni nani, mwenye jembe?"

"Mume wangu."

"Alikufa lini?"

"Januari ijayo itatimia miaka minne."

Nilimsikia akihema kwa pua. Nilitegemea anitukane na ningepokea.

"Kwa hiyo mimi nimeyachotea maharage kwa kikombe," alisema taratibu, "wiki sita, kwa ajili ya huyu baba."

"Ndiyo."

"Na kesho utatuma watano."

"Watano ni kidogo, Nakundwa. Mtapata karibu yote. Mimi nitabaki kwangu, nyinyi mtamwagilia, hakuna atakayeumia."

"Karibu yote." Akachukua kalamu yangu isiyo na wino, akaigonga kwenye kioo pale shamba lake lilipo, kona ya chini. "Maji yanapungua kuanzia wapi, Bibi? Kichwani au mkiani?"

Nikaitazama ile kona ya chini.

"Mkiani. Hao watu wako wanne wanakunywa zamu moja ya mfereji. Zamu ya mwisho. Yangu." Akanyanyuka. "Kama wangekuwepo ningesema haya, tugawane, ni majirani. Wewe mwenyewe kunywa, Bibi, nani atakunyima? Lakini vivuli havinywi."

Alifika mlangoni akageuka. Uso wake ulikuwa umelegea.

"Si ungetuambia uko peke yako huku? Ningekuwa nakuja. Nilidhani una watu."

Alienda bila kujaza ndoo. Zilibaki pale uani, nikaziingiza ndani mbuzi asizipindue.

* * *

Ijumaa niliamka nikaona kivuli cha dirisha ukutani. Nilikuwa nimesahau kwamba dirisha lina kivuli. Nikafungua mlango, na Kirindi yote ilikuwa nje, imeoga, haina hata kipande cha ukungu. Nilitazama kalenda ya kanisa: tarehe kumi na tisa Agosti. Jua lilikuwa karibu pale pale.

Pembe ya msaragambo inaning'inia ukutani juu ya kitanda, Baba Nietiwe ndiye aliyekuwa mpigaji. Niliishika. Nilijua nikiipiga mara tatu, Mvungwe wataisikia, na watu wetu wakisikia pembe huja hata kama wamekasirika. Wangepanda na majembe, Nakundwa mbele. Wangefika kabla ya saa tatu, na mwewe angewahesabu wote, watu wa kweli wenye vivuli vya kweli. Na wangekuwa wamepungua huko chini kwa idadi ile ile. Nikairudisha kwenye msumari.

Nikachukua jembe lake. Nikachukua pia kipande cha karatasi nilichoandikia vipimo usiku. Katika picha zetu nukta moja ni shibiri moja ya ardhi. Baba Nietiwe alisimama nukta tatu kutoka ncha ya mashariki ya lile jiwe bapa na nukta mbili kutoka ukingo wa maji. Nilipiga magoti nikapima kwa mkono wangu, shibiri, shibiri, shibiri. Mahali penyewe palikuwa na kishimo kidogo, kina cha kisigino. Miaka yote nilipita pale kuchota maji sikuwahi kukiona.

Nikasimama hapo. Jembe kwenye bega la kulia, mkono wa kushoto kiunoni, uso kwa msitu. Jiwe lilikuwa baridi mpaka kwenye magoti. Maji yalikuwa yakimwagika kwenye korongo, na nyumba kumi na nane zilikuwa zimefungwa nyuma yangu, na sikugeuka, kwa sababu yeye hakugeuka.

Mwewe alitokea msituni. Safari hii nilimwona, kitu kidogo cheusi, kama inzi. Akapita, akazunguka kanisani, akarudi. Nikajizuia kukohoa. Akaenda zake.

Picha ilikuja safi, haikuhitaji tabaka hata moja. Katika miaka kumi na moja ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya namna hiyo. Nikafuta vile vivuli vinne nilivyovitayarisha, tabaka zima, nikafuta na nakala yake ili mkono usinitume. Kwenye sehemu ya maelezo niliandika, herufi kwa herufi: *Picha za kuanzia Julai zilikuwa na tabaka la miaka minne nyuma. Nilijua. Naelijwa Mbonea, mfuta ukungu.* Nikatuma.

Jibu halikungoja Jumatatu. *Kirindi, mtu mmoja. Kitongoji kifungwe.* Nikasikia mlango wa chuma wa ndiva ukigeuka, sauti kama ya mtu mzee anayeinuka kwenye kiti, kisha maji yakabadili njia. Korongo likanyamaza. Baada ya muda mrefu, huko chini sana, mwanamke akapiga kigelegele kimoja, akakikatisha katikati, kama aliyekumbuka kitu.

Simu ya Senzighe ililia. Niliiacha ilie. Gari lingekuja Jumatatu au Jumanne, na kabla ya hapo nilikuwa na ndoo mbili za kumrudishia mtu, na mbuzi wa kumwachia.

Lakini kwanza nilirudi mezani. Niliweka picha ya asubuhi hiyo juu ya ile ya zamani, nikachagua Tofauti. Kirindi ikazimika kama mara ya kwanza. Watu ishirini na watano wakawaka kuzunguka ndiva. Nikatazama juu ya jiwe bapa.

Palikuwa peusi. Mwili wangu umeingia ndani ya wake, jembe ndani ya jembe, kivuli ndani ya kivuli, na meza haikuona tofauti. Isipokuwa kule kivuli kinakoishia, upande wa magharibi, zilibaki nukta mbili zinazong'aa. Niliziwekea kidole. Hizo ndizo alizonizidi urefu.

Kisha nikapandisha jicho mpaka nyumbani kwangu. Pale mlangoni, kwenye giza langu la Jumatano, palikuwa panawaka mtu mwenye ufagio.